Bafle (spika) ndogo za kompyuta: kutoka toleo la zamani kuingia jipya bila kulilia dola zako

Siku ile nilitoka Birere, sokoni hapa Goma, na kartoni ya bafle mpya chini ya kwapa, nikapanda moto (pikipiki) mbio mbio mpaka kwetu Majengo, nikafungua, nikachomeka ku laptop, nikaweka wimbo, halafu nikabaki nimekaa tu naangalia. Sauti ilikuwa ile ile. Yaani ile ile kabisa ya bafle zangu za zamani ambazo nilikuwa nimeshamuahidi mdogo wangu. Nikaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia muuzaji, na nilikuwa nayo mingi, ndo mdogo wangu akauliza, "Yaya" (ndo anavyoniita mimi mkubwa wake), "kwani umechomeka ku katundu gani?" Akachomoa, akachomeka ku chaja ya simu, sauti akaipitisha kwa blututhi, na dakika mbili baadaye mama wa jirani alikuwa anagonga ukuta wa mbao tupunguze kelele.

Kwa hiyo naandika hii kwa mtu mwenye bafle ndogo za meza, zile mbili za kuweka kushoto na kulia ya skrini, na ameona kampuni imetoa toleo jipya la zile zile na anajiuliza kama anunue. Mimi kazi yangu ni montaji (kuhariri) ya video, harusi mingi, kwaya, matanga pia, nakaa mbele ya hizi vitu saa nane kwa siku, sio fundi wa redio lakini kuna makosa nimeyafanya kwa pesa yangu mwenyewe na si lazima wewe uyarudilie.

HATUA YA 1: Kwanza sikiliza zile uko nazo

Usianzie dukani. Kaa na za zamani jioni moja, andika ku karatasi ni nini hasa kinakuudhi. Sauti ni ndogo? Kuna mlio wa zzzz nyuma ya muziki? Upande mmoja unakufa mpaka utikise kable? Besi haitoshi? Unachoka na kable kujaa ku meza?

Kwa sababu kila moja iko na dawa yake na mara mingi dawa sio kununua. Upande mmoja ukikufa ukitikisa waya, hiyo ni fishi (plagi) imechoka au waya umekatika ndani karibu na fishi, fundi yeyote mwenye chuma cha kuchomea anakata, anaweka fishi mpya, unamlipa kidogo tu na unarudi nyumbani. Mlio wa zzzz mara mingi unatokana na namna umechomeka (nitafika huko, ni hadithi ndefu). Ukinunua mpya na uchomeke vile vile, mlio utakufuata mpaka ku bafle mpya kama deni. Sauti kuwa ndogo, apo toleo jipya linaweza kusaidia, ila si kwa kiasi unachodhani. Na besi... tuongee besi polepole.

HATUA YA 2: Jua nini kimebadilika kweli

Jina likiwa lile lile na umbo lile lile, wauzaji watakuambia "ii ni mpya, iko na nguvu kuliko ile" na basi. Wewe tafuta vitu vinne: wati za kweli, ukubwa wa koni (ule uso wa bafle unaotetemeka), njia za kuingiza sauti, na namna zinakula umeme.

Mfano nitatumia Creative Pebble kwa sababu ndo niko nazo na ndo zinaonekana sana kwa watu wa montaji, zile za mviringo kama jiwe la mtoni. Creative ni kampuni ya Singapore, wale wa kadi za sauti za Sound Blaster toka 1989, wakubwa wanakumbuka. Pebble ya kwanza iko na koni za inchi 2, wati 4.4 kwa jumla, inakula umeme wa USB lakini sauti inaingia kwa kable ya aux (ile ya tundu la hedifoni). V2 ikapanda wati 8 na fishi ikawa USB-C, lakini sauti bado ni aux. V3 ndo ikaleta mabadiliko ya kuonekana: koni inchi 2.25, wati 8, sauti inaweza kupita mu kable ile ile ya USB, au blututhi 5.0, au aux kama kawaida.

Sasa angalia hizo namba kwa jicho la mtu anayetoa dola. Kutoka wati 4.4 kwenda 8 inaonekana ni karibu mara mbili, si ndiyo? Lakini sikio halihesabu hivyo. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, na ili sikio liseme "sasa sauti imekuwa kubwa mara mbili" unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Hapa tunaongea desibeli 2.6 hivi. Utasikia tofauti, ndiyo, hasa sauti inakuwa na pumzi, haipasuki haraka ukipandisha, lakini usitegemee kupigia harusi nayo. Koni kutoka inchi 2 kwenda 2.25 nayo inaonekana ni upuuzi lakini uso wa koni unaongezeka karibu robo, na ule uso ndo unasukuma hewa, mimi nadhani hapo ndo nilisikia tofauti zaidi kuliko kwenye wati.

Na ukikuta ku kartoni wameandika wati 16, hiyo ni ya kilele, ya kupiga mara moja na kushuka. Ile ya kuishi nayo ni RMS. Na ukikuta wameandika PMPO (wati za kutangazia tu) 1200 ku kabafle kanakotoshea mu mkono mmoja, cheka, rudisha ku meza, endelea.

Besi sasa. Bafle za ukubwa huu zinaanza kusikika vizuri kama hertz 100 hivi, na Creative wenyewe ndo wanaandika 100 mpaka 17,000. Gitaa la besi, ule uzi wake wa chini kabisa ni hertz 41. Kwa hiyo ile noti ya chini yenyewe haitoki, unachosikia ni watoto wake, zile sauti za juu yake, na kichwa kinajaza kilichobaki. Kwa kusikiliza rumba nyumbani inatosha kabisa, kichwa kina huruma. Lakini kwa montaji niliwahi kuongeza besi ya kwaya moja nikiamini bafle zangu, nikapeleka, wakaipiga ku bafle kubwa za kanisa, mabenchi yakatetemeka na mzee wa kwaya akaniangalia vile sijasahau. Toleo jipya halikuponya hiyo, saizi ni karibu ile ile. Kwa besi vaa kaske (hedifoni), au nunua aina yenye bafle ya tatu ya besi.

Kama bajeti yako ni kubwa zaidi, hesabu ni ile ile. Audioengine A2 kwa mfano, walipotoa A2+ koni ilibaki inchi 2.75, kitu kikubwa walichoongeza ni kuingiza sauti kwa USB moja kwa moja, na baadaye blututhi. Sasa kama wewe iko na A2 na unatumia aux na unasikia safi, unanunua nini? Tundu tu.

HATUA YA 3: Umeme (hapa usiruke)

Hapa ndo niliangukia mimi kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tundu la USB la zamani, lile lenye ulimi mweupe au mweusi ndani, linatoa volti 5 na nusu ampea, piga hesabu ni wati 2.5. Lile la buluu, USB 3, linatoa mpaka 0.9 ampea, yaani wati 4.5. Tundu la USB-C linaweza kufika ampea 3, wati 15, ingawa si kila laptop inatoa zote. Sasa bafle inayosema wati 8 ukiichomeka ku tundu la wati 2.5, hizo zingine itazitoa wapi? Haiwezi. Inajibana, inapiga kwa sauti ya chini, na wewe unalaumu bafle. Ndo ile siku yangu: laptop yangu ni mzee, iko na matundu matatu na yote ni ya zamani, bafle mpya ilikuwa inakula chakula cha bafle ya zamani kwa hiyo ikatoa sauti ya bafle ya zamani.

Ili zifike nguvu yake zinataka chaja ya volti 5 ampea 2, wati 10, chaja ya simu ya kawaida ya leo inafika hapo. Soma maandishi madogo ku mgongo wa chaja, pale penye OUTPUT. Kama wameandika 5V 1A, iache ya simu. Na chaja za kokoteni za bei ya karanga, zile ukizishika zinaonekana hazina kitu ndani, zinaandika 2A na hazitoi ata 1, utazijua kwa sababu besi ikipiga sauti inadondoka kidogo halafu inarudi, inapumua kama mtu amepanda Mont Goma.

Lakini kuna mtego. Ukichomeka USB ku ukuta, ile njia ya sauti kupita mu USB inakufa, ukuta hauna muziki. Inabaki blututhi au aux. Kwa hiyo uchague: kama laptop yako iko na USB-C ya maana, chomeka hapo, unapata umeme na sauti kwa kable moja na meza inabaki safi, hiyo ndo raha yenyewe ya toleo jipya. Kama laptop yako ni mzee kama yangu, chukua umeme ku chaja na sauti kwa aux. Mimi ndo nafanya hivyo, na nakubali kwamba nililipa pesa ya USB ambayo situmii. Ukiwa na tundu la buluu, jaribu, kwa chumba kidogo wati 4.5 zinaweza kukutosha.

Kitu kimoja kizuri cha bafle za USB hapa kwetu ni kwamba hauhangaiki na fishi. Zile zenye adapta yake ya ukutani, hasa zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, angalia kama wameandika 100-240V. Wakiandika 120V tu na wewe uchomeke ku 220 yetu, utasikia harufu kabla ya kusikia muziki.

HATUA YA 4: Kwenda kununua

Beba laptop yako, au angalau simu na aux. Beba na wimbo mmoja unaoujua mpaka mate ya mwimbaji. Mimi natumia rumba ya zamani yenye gitaa mbili, moja imekaa kushoto na nyingine kulia, kwa sababu ukikuta gitaa zote mbili zimekaa sehemu moja ujue kuna kitu hakiko sawa. Na uchague noti za dola safi, unajua vile wako, kapasuko ka milimita mbili na noti inarudishwa ku mkono wako hata kama ilikuwa ya kwao wenyewe jana.

Muuzaji niliyemkuta aliniambia:
"Original kabisa, mukubwa."
"Papa, naomba nifungue nione."
"Fungua, lakini ukifungua ni yako."
"Basi funga, nitaenda pale mbele."
"Eh, mukubwa, fungua."

Fungua. Cha kwanza pima uzito kwa mkono, za kweli ziko na uzito kidogo, kopi inakuwa nyepesi kama kikopo. Angalia nyuma, kuna kiduara cha mpira bila waya, kazi yake ni kusaidia besi. Bonyeza polepole sana kwa kidole: kinapaswa kuingia na kurudi. Ku kopi mingi ni plastiki imegandishwa tu, urembo. Zungusha kitufe cha sauti toka mwanzo mpaka mwisho, pasiwe na krrr krrr. Tikisa fishi ya USB ikiwa imechomekwa, sauti isikatike. Angalia kama kale ka kipande ka kugeuza USB-C kwenda USB ya kawaida kamo mu kartoni, kwa sababu hako ndo kanapotea ku duka, mtu alikachukua kwa kazi ingine, na bila hako laptop ya zamani haina mahali pa kuchomeka.

Halafu kelele. Birere pale, chukudu (zile baiskeli za mbao za mizigo), moto, mahubiri ku megafoni, jenereta, hautasikia kitu cha maana ukisimama. Inama, sogeza sikio karibu, sikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake, halafu simamisha wimbo huku bafle inawaka na usikilize ukimya wake. Kunapaswa kuwa na ka pumzi kadogo tu. Ukisikia mngurumo, omba nyingine. Ukitoka bila kusikiliza ukimya utausikia usiku nyumbani, na kurudi kesho kumwambia muuzaji "inanguruma" ni mazungumzo mengine kabisa.

HATUA YA 5: Kuchomeka, na ule mlio wa zzzz

Nilisema nitafika. Ukichukua umeme wa bafle ku USB ya laptop na tena ukachukua sauti ku tundu la kaske la laptop ile ile, umetengeneza duara, umeme unazunguka kupitia waya mbili za ardhi na uchafu wote wa ndani ya laptop unaingia mu sauti. Unasikia zzzz, tiii, ukisogeza mausi inalia, ukifungua faili inalia. Watu wanadhani bafle imekufa. Haijakufa.

Jaribio: chomoa chaja ya laptop, iache kwa batri. Mlio ukipotea au ukipungua sana, tatizo ni upande wa umeme. Chomoa USB ya bafle ku laptop, ichomeke ku chaja ya simu au ku pawabanki. Mara mingi panakuwa kimya kama kanisani Jumatatu. Au tumia sauti ya USB kama toleo lako linaruhusu, kwa sababu hapo sauti inapita kama namba na uchafu hauna pa kuingilia kirahisi. Au blututhi.

Blututhi ni nzuri kwa muziki na kwa uvivu, unalala ku kitanda na simu. Lakini inachelewa, sehemu ndogo ya sekunde, na ukiangalia filamu hauoni kwa sababu programu za video mara mingi zinajirekebisha zenyewe. Ila ku montaji, kupanga mdomo wa bwana harusi na "ndiyo" yake, hapana. Ata piano ya laptop, unagonga na noti inakuja baadaye kama mgeni wa harusi. Kwa kazi tumia waya.

Mipangilio ya laptop ni dakika moja: ingia ku sauti, chagua bafle mpya kama njia ya kutokea, zima vile vitu vya "kuboresha sauti" vinavyojiwasha, hakikisha mono imezimwa. Sauti ya laptop weka karibu 80 kwa mia halafu utumie kitufe cha bafle kupandisha na kushusha. Ukifanya kinyume, laptop 20 na bafle mwisho, unakuza na uchafu pia.

HATUA YA 6: Meza

Nitasema kitu ambacho wauzaji hawatapenda. Kuna bafle za zamani zilizowekwa vizuri zinazoshinda mpya zilizowekwa ovyo, na kuziweka vizuri ni bure.

Mimi meza yangu ni mbao, nyumba ni mbao, chini ni mbao. Bafle ikipiga, meza inaimba nayo, droo inaimba, kikombe kinaimba. Dawa niliipata nje ya mlango, na nyinyi watu wa Goma mnajua nje ya mlango kuna nini: jiwe la volkano. Nilitafuta vipande viwili vilivyo bapa, kama ukubwa wa kitabu cha nyimbo, nikavisugua kwa burashi ya nguo na maji mpaka yale maji meusi yakaisha (chukua muda, mimi nilibadilisha ndoo nne), nikavianika siku mbili. Chini ya kila jiwe nikaweka vipande vinne vya sapatu iliyokatika, ile ya mpira laini, kimoja kila kona. Jiwe zito linatulia, mpira unazuia mtetemo kwenda ku mbao. Bafle juu. Kikombe kiliacha kuimba usiku ule ule. Jiwe ni la mikwaruzo kwa hiyo weka kitambaa katikati usije ukachubua bafle mpya. Kati ya vitu vyote nilivyofanya hiki ndo kilibadilisha sauti zaidi kwa bei ndogo zaidi, na mama yangu akaniuliza kama nimeanza kuabudu mawe.

Umbali: pima kwa kamba. Kutoka bafle moja hadi nyingine, na kutoka kila moja hadi kichwa chako, kamba iwe sawa, pembe tatu zinalingana. Kwa meza ya kawaida ni kama sentimita 70 mpaka 80. Pebble koni zake zimeinama kuangalia juu digrii 45, kwa hiyo zenyewe zinakuangalia usoni ukiziweka chini ku meza. Zingine zinaangalia mbele tu na zinapigia kifua chako, hizo ziinulie mbele kidogo, ata na kipande cha mbao.

Nyuma uache nafasi, kile kiduara cha mpira kinahitaji hewa, sentimita 10 au zaidi. Ukisukuma bafle mpaka ukuta besi inaongezeka, na ku kona inaongezeka zaidi, na mtu wa kwanza kusikia anafurahi, lakini ni besi ya kuvimba, inafunika maneno. Na kama ukuta ni wa mbao kama wetu, ile besi hauisikii peke yako.

Ukimaliza weka mtu anayeongea, habari za redio kwa mfano, funga macho. Sauti inapaswa kutoka katikati ya skrini, mahali ambapo hakuna bafle. Ikitoka upande mmoja, sogeza. Ikiwa haitoki popote, inaelea tu kama imetoka nyuma ya kichwa na besi imepotea, basi waya wa upande mmoja umegeuzwa, plus ku minus. Kwa Pebble haitokei kwa sababu waya zimefungwa humo humo, lakini kwa aina za waya za kufunga kwa mkono, au bafle yoyote iliyopita kwa fundi, inatokea sana.

Umeme ukikatika

Pawabanki. Ile ya mAh 20,000 iko na karibu wati-saa 74 ndani, toa kinachopotea njiani tuseme 60, na bafle hizi kwa sauti ya kawaida hazili ata wati 3, kwa hiyo laptop itakufa zamani sana na bafle bado zinaimba. Ila kuna kichekesho. Pawabanki mingi ikiona umeme unaotoka ni mdogo sana inadhani simu imejaa na inajizima. Ilinifanyia mbele ya wateja, tumeshusha sauti ili tuongee bei, tukamaliza, napandisha sauti, kimya, wakaangaliana. Dawa ni kuchomeka na simu yako ku tundu lingine la pawabanki hiyo hiyo, inabaki macho.

Umeme ukirudi usikimbilie. Acha chaja imechomolewa dakika chache, ile pigo ya kwanza ya kurudi ndo inaua vitu. Hii ni sababu nyingine napenda bafle zikule umeme ku chaja na sio ku laptop, maana chaja ikiungua nanunua chaja.

Vumbi

Vumbi letu ni jeusi na lina meno. Linaingia ku koni, linaingia ku kitufe cha sauti, ndo inaanza krrr krrr. Funika na kipande cha kitenge ukimaliza kazi. Safisha na burashi laini ya rangi, mpya, isiyo na rangi, bila kukandamiza. Usipulize kwa mdomo, mate. Na mashine za hewa ya nguvu za ku garage apana, zinaweza kupasua koni. Watoto pia, ile koni inayong'aa katikati inawaita, kidole kimoja na inabonyea, mimi yangu ya zamani ya kulia ilibonyea hivyo na mhalifu alikuwa na miaka mitatu.

Na hizo za zamani

Zijaribu siku tatu nne pamoja na mpya kabla ya kutoa, badilisha badilisha, sauti sawa, wimbo ule ule. Ukiona hausikii tofauti kabisa, rudi HATUA YA 3 uangalie tundu lako kabla ya kulaumu mtu.

Zangu nilimpa mdogo wangu kama nilivyoahidi, koni iliyobonyea na yote. Akapeleka kwa fundi, fishi ikabadilishwa, akatafuta mawe yake mawili, akazichomeka ku pawabanki. Anakaa chumba cha pili, ukuta ni wa mbao, na sasa ni mimi nagonga.